Kuzunguka kuulizia kazi Arusha: saa ya kwenda na la kusema getini

Ukifika getini ukauliza, "Kuna nafasi za kazi?" utajibiwa "Hakuna." Mlinzi hana kosa, si kazi yake kujua. Muulize anachokijua: nani anashughulika na ajira hapa, na anapatikana siku gani, saa ngapi? Ukiondoka na jina la mhusika, hukupoteza nauli.

Saa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Hoteli za mjini nenda kati ya saa 4 na saa 6, wageni wakiwa wameshakunywa chai na kutoka. Mgahawa, saa 9 alasiri. Kampuni za utalii usizisogelee asubuhi, magari yanapopakiwa kwenda Tarangire au Ngorongoro. Hata mtu mwema atakufukuza. Viwanda vya Unga Limited na mashamba ya maua ya Usa River ni kinyume kabisa: vibarua huchukuliwa mapema, kwa hiyo uwe getini kabla ya saa 1.

Kwenye utalii angalia pia msimu. Wengi huanza kuzunguka Juni, watalii wameshajaa na timu zimeshakamilika. Zunguka wakati wa masika, Aprili na Mei, kambi nyingi zikiwa zimefungwa na mameneja wana nafasi ya kukusikiliza.

Tembea na bahasha za kaki, kila moja na barua yenye jina la kampuni husika, wasifu usiozidi kurasa 2, na nakala za vyeti. Namba ya simu iandike kwa kalamu juu ya bahasha, maana karatasi za ndani huchanganyika. Vyeti halisi vionyeshe tu, usimwachie mtu. Vyote vikae kwenye faili la plastiki, masika hayana huruma. Na uende peke yako: mkiwa wawili watatu, mlinzi anaona kundi, hafungui.

Mlinzi akikuzidi umri, shikamoo kwanza. Kisha sema kwa kifupi: "Naitwa fulani, nimesomea upishi VETA Njiro. Naomba kuonana na anayehusika na ajira, dakika mbili tu. Kama hayupo, nirudi lini?" Taja kazi moja. Anayesema "kazi yoyote" anamwachia mwajiri kazi ya kumfikiria, na mwajiri hana muda huo.

Akikuambia acha bahasha hapa, omba kwa upole uipeleke mapokezi mwenyewe. Bahasha za getini hurundikana kwenye kibanda cha mlinzi na nyingi haziingii ndani. Ikibidi uiache, andika juu jina la mhusika, si "Meneja" tu.

Atakayekudai hela ya fomu, sare au "kusukuma faili", achana naye. Anayedai mwili wako anatenda kosa: rushwa ya ngono imekatazwa na sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, na TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113. Ukiambiwa muonane jioni gesti au baa "kwa usaili", usiende, hata kama mtu huyo ana cheo.

Jioni andika kwenye daftari: mahali, jina, siku uliyoambiwa urudi. Usipoambiwa siku, baada ya wiki moja tuma ujumbe mfupi wenye jina lako, kazi uliyoomba na siku uliyofika. Kimya kikiendelea, rudi tena mara moja tu, saa ileile, mapokezi watakukumbuka.