Somo: Kupatana malipo ya wikendi na saa za ziada ukiwa mfanyakazi huru

Mwajiriwa anayebaki kazini baada ya muda wake kwisha ana sheria ya kumtetea. Mkataba Namba 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani, na ukataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara 1.25 ya kiwango cha kawaida. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1938 inawapa waajiriwa wanaohusika nayo mara 1.5 kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki. Wewe unayejitegemea, kwa kawaida uko nje ya ulinzi wa namna hiyo. Kilichoandikwa kwenye mkataba wako ndicho haki yako, na kisichoandikwa utakiomba kama hisani.

Nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Msimamizi wa mradi mmoja alinipigia simu siku ya Ijumaa, akanisihi nifanye kazi Jumamosi na Jumapili, na nilipouliza kuhusu malipo akasema, "Hilo tutaelewana." Nilifanya saa 19. Nilipopeleka ankara, idara ya fedha iliuliza ni nani aliyeidhinisha, na yule msimamizi alikuwa ameshahamishiwa kwingine. Sikulipwa hata saa moja, na sikuwa na karatasi wala ujumbe wa kuonyesha.

Hatua ya kwanza: jua thamani ya saa yako

Chukua mfano wa malipo ya 800 kwa siku ya saa 8, kwa sarafu yoyote. Saa moja ni 100. Ukikaa kazini saa 11 kwa 800 ileile, umeiuza kila saa kwa 73 hivi. Vivyo hivyo kwa wiki: 4,000 kwa saa 40, ukiongeza Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili bila malipo, unakuwa umefanya saa 52 kwa wastani wa 77 kila moja. Hilo ni punguzo la karibu robo ya bei yako, nawe umelitoa bila hata kuombwa. Fanya hesabu hii kwa viwango vyako mwenyewe kabla ya kuzungumza na mteja yeyote, kwa maana asiyejua saa yake ina thamani gani hawezi kuitetea.

Hatua ya pili: eleza maana ya "siku ya kazi"

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, na ndipo ninapokusihi utumie muda wako mwingi. Kusema "saa za ziada zitalipwa mara moja na nusu" hakutoshi ikiwa hakuna aliyeandika saa za kawaida zinaishia wapi. Mteja aliye mbali huenda akahesabu kwa saa za kwake, ambapo jioni yako ni adhuhuri yake. Zipo nchi ambazo mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo neno "wikendi" peke yake halimfungi mtu. Sikukuu nazo ni za nani, zako au zake? Muda wa safari unahesabiwa? Mapumziko ya chakula yamo ndani ya zile saa 8 au nje yake?

Kifungu kinachonisaidia mimi husomeka hivi: "Malipo ya siku yanagharimia hadi saa 8 za kazi, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni kwa saa za mahali alipo mtoa huduma. Kazi yoyote itakayoombwa na mteja nje ya muda huo ni kazi ya ziada." Sentensi mbili tu, lakini kila neno lina kazi yake, hasa yale yasemayo "itakayoombwa na mteja".

Hatua ya tatu: panga viwango, kisha weka kima cha chini

Viwango vinavyoeleweka kwa urahisi ni mara 1.5 kwa saa za ziada katika siku za kawaida, na mara 2 kwa siku ya mapumziko na sikukuu. Wateja wengi wameshavizoea kutokana na waajiriwa wao, hivyo havitawashtua.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kima cha chini cha mwito kina faida kubwa kuliko kuzidisha. Tuseme umepigiwa simu Jumapili, ukaacha shughuli zako, ukatatua tatizo kwa dakika 25. Kwa kiwango cha 100 kilichozidishwa mara 2, utalipwa 83, ilhali siku yako ya mapumziko imeshakatika. Mkataba ukisema kwamba kila mwito wa siku ya mapumziko huhesabiwa kuwa si chini ya saa 4, utalipwa 800, na mteja naye atajiuliza kwanza kama jambo hilo haliwezi kusubiri Jumatatu.

Ukitakiwa kukaa tayari, yaani simu iwe wazi na usiende mbali, hiyo nayo ni huduma. Weka malipo madogo ya kudumu kwa siku hiyo hata kama hakuna atakayepiga, na saa za kazi halisi zihesabiwe juu yake.

Hatua ya nne: zungumza mapema, kwa utulivu

Viwango hivi vitaje pamoja na bei yako ya kwanza, wakati hakuna mwenye haraka. Ukisubiri hadi kazi imekwama Ijumaa jioni, hata dai la haki litaonekana kama kumkaba mtu koo. Unaweza kusema: "Bei yangu ya siku ni hii. Nje ya muda wa kawaida nina viwango vingine, nimeviandika hapa chini ili pasiwe na mshangao baadaye." Kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu, na usikimbilie kupunguza kabla hajakuomba.

Akisema bajeti yake hairuhusu, mpe njia nyingine: siku ya kupumzika yenye malipo kwa kila siku ya wikendi, au kikomo cha saa za ziada kwa mwezi, au bei ya siku iliyo juu kidogo inayobeba saa kadhaa za ziada zilizotajwa kwa idadi. Mimi niko tayari kushuka kutoka mara 2 hadi mara 1.5. Kima cha chini na idhini ya maandishi siviachi.

Hatua ya tano: idhini kabla ya kazi

Ujumbe ukiingia Ijumaa saa 11 na nusu jioni ukisema "tunaihitaji Jumatatu asubuhi", jibu hivi: "Inawezekana. Nakadiria saa 6 za Jumamosi kwa kiwango cha wikendi. Tafadhali thibitisha kwa maandishi nianze." Usianze kabla ya jibu. Kwenye ankara, saa hizo ziwe na mstari wake, zikiwa na tarehe, muda na jina la aliyeidhinisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Mkataba wangu haukusema lolote, na kwa miezi 3 nimefanya kazi wikendi bila kudai. Nifanyeje?

Jibu: Ya nyuma ni vigumu kuyadai ikiwa hakuna makubaliano. Mpelekee mteja orodha ya tarehe na saa ulizofanya, bila lawama, na umweleze kwamba kuanzia tarehe fulani saa hizo zitakuwa na kiwango chake. Mpe walau wiki 2 za kujipanga.

Swali: Mimi nalipwa kwa kazi nzima, si kwa saa. Somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu kwa sura nyingine. Andika tarehe ya kukabidhi na idadi ya marekebisho, kisha weka nyongeza ya haraka, tuseme asilimia 50, mteja akiisogeza tarehe karibu au akiongeza kazi. Lakini ukichelewa kwa kosa lako, wikendi hiyo ni yako mwenyewe, usimtoze.

Swali: Napenda kufanya kazi Jumamosi kwa sababu kuna utulivu. Nitoze kiwango cha wikendi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Nyongeza ni kwa wikendi iliyoombwa na mteja. Ukiichagua mwenyewe, toza bei ya kawaida.

Swali: Napata kazi kupitia wakala, naye anasema mteja halipi saa za ziada.

Jibu: Muulize kwa maandishi kama saa hizo anamtoza mteja. Akizitoza, una haki ya kudai fungu lako. Asipozitoza, basi hakuna aliyezinunua, na unaweza kuacha kazi mara saa 8 za siku zinapotimia. Mjulishe mapema kwamba utafanya hivyo, ili apate muda wa kuzungumza na mteja wake.