Bunduki fupi ya upepo: namna ya kuimiliki na kuityuni ukiwa Tabora

Mwangaluka wadau. Naulizwa sana kuhusu hizi bunduki fupi za upepo za bei kubwa, zile za bulpapu ambazo trigga iko mbele na mashine yote imelala nyuma karibu na shavu, kwa hiyo mtutu unabaki mrefu ila bunduki yenyewe fupi. Yani FX Wildcat ya Sweden, Daystate na Brocock za Uingereza, Weihrauch HW100 BP ya Ujerumani na wenzao. Swali huwa ni lile lile, nikaze springi kiasi gani ipige kwa nguvu? Kaka, usianzie kwenye nguvu. Kwa hela ile umenunua usawa, risasi ya kwanza na ya ishirini zitoke na spidi moja, na kazi yote ya kutyuni, yani kuirekebisha ndani, ni kuutafuta huo usawa halafu kuulinda na hili joto letu na vumbi letu.

Kabla ya hela kutoka mfukoni, sheria. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na usijidanganye eti haina baruti basi ni ya kuchezea, nenda polisi wilayani, uliza kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, utaratibu wa aina unayoitaka, kibali kiwe mkononi ndo uagize. Mzigo ukikwama bandarini au airport hakuna wa kukusaidia. Na ndege wa porini sio mali yako, kuna Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, bila leseni usiguse hata njiwa pori. Kulenga makopo na karatasi kunatosha kabisa na panya wa ghala la mahindi wapo. Nyuma ya shabaha weka gunia la mchanga, sio ukuta wa tofali maana risasi inarudi, na huku Isevya au Ng'ambo nyumba zimebanana, ukuta wa jirani uko hapo hapo.

Ukiwa unaagiza uliza pia ni toleo la nguvu gani. Uingereza bunduki isiyohitaji leseni mwisho wake ni kama joule 16 (joule ndo kipimo cha nguvu ya risasi), Ujerumani joule 7.5 tu, kwa hiyo modeli moja inatoka kiwandani na matoleo tofauti na ndani vali na njia ya upepo hazifanani. Mtu anapokea ya joule 7.5 halafu anashinda anakaza springi wiki nzima, hapo springi haina kosa lolote.

Sasa upepo, na hapa naomba msome taratibu. Hizi bunduki zinajazwa mpaka bar 200 au 250 (bar ni kipimo cha presha) kutegemea modeli, kompresa ya fundi wa matairi inafika bar 8 hadi 10 basi, haisaidii. Unahitaji pampu ya mkono ya presha kubwa au mtungi wa bar 300 wenye tarehe ya kupimwa ambayo haijapita. Kuna watu wanasema kajaze kwa fundi wa kuchomelea kwenye mtungi wake wa oksijeni, USITHUBUTU. Oksijeni ya presha ikikutana na tone la grisi au oili ndani ya bunduki inalipuka, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka kwenye silinda. Hewa ya kawaida, iliyokauka, basi. Na kwa sababu hiyo hiyo oili ya injini na ya cherehani haziingii kwenye njia ya upepo, oringi, zile pete za mpira zinazozuia upepo usivuje, zinapakwa grisi ya silikoni, kidogo tu.

Pampu ya mkono inachemka. Piga kama hamsini, pumzika dakika kumi ipoe, fungua kile kivali cha chini maji yatoke, ndo uendelee. Masika huku, kuanzia Novemba mpaka Aprili hewa ina maji mengi na yote yanasukumwa ndani, kwa hiyo chujio la silika jeli kwenye pampu ni la lazima na chembe zikibadilika rangi zikaushe au weka nyingine. Maji yakikaa ndani yanakula regyuleta, kile kifaa cha ndani kinachopunguza presha ya silinda ili kila risasi ipate upepo sawa, kimya kimya.

Na joto. Ukijaza bar 230 asubuhi kukiwa na nyuzi 20 halafu ukaiacha ndani ya gari juani ikafika nyuzi 45, presha inapanda karibu na bar 250 bila mtu kugusa pampu. Kwa hiyo jaza pungufu ya mwisho uliochorwa kwenye geji na iweke kivulini, chini ya mwembe panatosha, miembe Tabora sio shida.

Risasi. Hapa ndo watu wanabana senti mahali pasipo sahihi. Nunua makopo mawili matatu ya aina tofauti, JSB za Czech na H&N za Ujerumani ndo za kuanzia, kwa kipenyo cha milimita 5.5 kuna JSB ya gramu 1.03 na ile nzito ya gramu 1.175. Piga tano tano za kila aina kwa mita 30 siku isiyo na upepo, bunduki ikiwa imelala juu ya mfuko wa mchanga, na acha mtutu uchague wenyewe. Kila ukibadilisha aina, risasi kumi za mwanzo usizihesabu, mtutu unazoea. Kama kundi limetawanyika safisha mtutu kwanza, kitambaa kidogo kwenye uzi wa plastiki, vuta kutoka nyuma kwenda mdomoni, rudia mpaka kitoke cheupe. Mtu anafungua regyuleta kumbe shida ni uchafu wa risasi tu mtutuni, nimeona sana hii.

Ukimaliza hapo ndo unaruhusiwa kushika alenki, na huwezi kutyuni bila kipima spidi, sikio halipimi kitu. Nguvu unaipata hivi, uzito wa risasi kwa gramu zidisha spidi, zidisha spidi tena, gawanya kwa 2000. Gramu 1.175 ikitoka kwa mita 265 kwa sekunde ni kama joule 41. Risasi hizi za kiuno chembamba zinapenda mita 240 hadi 280, ukisogea karibu na spidi ya sauti ambayo ni kama 340 zinayumba na shabaha inakufa, kwa hiyo kukimbiza spidi ni kujiumiza mwenyewe.

Kwenye modeli zinazoruhusu kurekebisha, vitu vinavyoongea pamoja ni viwili, presha ya regyuleta na nguvu ya springi ya hama, yani nyundo ya ndani inayogonga vali. Iache regyuleta ilivyotoka kiwandani, legeza springi mpaka spidi ishuke wazi, halafu kaza robo mzunguko, piga tano, andika wastani kwenye daftari, kaza robo tena, piga, andika. Spidi itapanda, itapanda, halafu itafika mahali unakaza na haiongezeki, wakati mwingine inashuka kidogo. Hapo ndo kilele. Sasa rudi nyuma mpaka spidi ipungue kama asilimia 3 chini ya kilele na uishie hapo hapo. Juu ya kilele vali inakaa wazi muda mrefu, unatupa upepo, mlio unakuwa mkubwa na risasi haipati faida yoyote. Kwenye ile asilimia 3 chini hama na vali zinasawazishana zenyewe, kumi mfululizo tofauti ya ya juu na ya chini ikiwa chini ya mita 5 uko vizuri sana. Kama springi imefika mwisho na kilele hukukiona basi presha ya regyuleta ni kubwa kuliko hama, ishushe kidogo uanze upya. Ila kushusha regyuleta ni mpaka upepo utolewe kwanza kama kitabu cha bunduki yako kinavyosema, na kwa ujumla skrubu yoyote inayoshika silinda au vali haifunguliwi kukiwa na presha ndani, hata bar 20, inaruka kama risasi.

Geji ya regyuleta iangalie baada ya kupiga halafu iangalie tena baada ya saa moja. Ikiwa imepanda yenyewe, kiti cha regyuleta kimeingia uchafu au kimechoka, na dalili utaiona asubuhi, risasi ya kwanza inakuwa na spidi yake peke yake na zinazofuata zinarudi sawa. Hapo springi usiiguse, tatizo ni oringi na usafi. Duka la vipuri hivi Tabora usilitegemee, kwa hiyo siku unaagiza bunduki agiza na seti mbili za oringi za modeli hiyo hiyo, gharama yake ndogo na zinakaa miaka kwenye kopo lililofungwa vizuri mbali na vumbi la kiangazi.

Skopu, darubini ya kulengea, kwenye bulpapu inakaa juu, kama sentimita 6 kutoka kwenye mtutu, na watu wanasahau. Ukiisawazisha kwa mita 30 na ile risasi nzito kwa mita 265, ukilenga kopo la mita 10 risasi inapiga chini karibu sentimita 2 na nusu, bunduki haijaharibika ni umbo lake. Na usiilaze pembeni hata kidogo ukiwa unalenga, kwa urefu huo wa skopu ukiinamisha kidogo tu risasi inakwenda upande, kile kiputo cha maji cha kupimia usawa ni cha kununua kabisa. Majedwali ya mtandaoni mengi yamepigwa kwa usawa wa bahari, Tabora tuko kama mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 hivyo risasi haipungui spidi haraka kama wanavyoandika, weka mwinuko wako kwenye programu. Wa Kigoma mjini mko chini kidogo, ziwa lenyewe liko kama mita 770, namba zenu zitatofautiana na zetu.

Ukiweka bunduki muda mrefu usiiache tupu kabisa, acha kama bar 100 ili oringi zikae mahali pake na uchafu usiingie, chemba iwe haina risasi, ifungiwe kwenye kabati lenye ufunguo ambao watoto hawaujui ulipo. Daftari la spidi liweke humo humo, na kila ukifungua kopo jipya la risasi piga tano kwenye kipima spidi uandike na tarehe na joto la siku hiyo, maana makopo ya aina moja nayo yanatofautiana.