Notisi ya kuhama dukani Diani: hesabu siku kabla ya kupiga kelele

Nauza madera, kikoi na leso kando ya barabara ya ufuoni hapa Diani, na wapangaji wenzangu wamenifanya katibu wao. Kazi ya katibu ni kuandika, lakini mimi zaidi husoma barua za watu. Mtu huingia dukani na karatasi iliyokunjwa mara nne, huketi kwenye kigoda cha wateja, husema, "Mama, nimefukuzwa." Nikiisoma, mara nyingi naona hajafukuzwa. Ameandikiwa na mtu anayetumaini kwamba ataogopa na kufungasha mwenyewe.

Tangu barabara ya Dongo Kundu ituunganishe na Mombasa bila kungoja feri ya Likoni, barua hizi naziona zaidi. Kiwanja kinauzwa, mnunuzi anataka ghorofa za kukodishia wageni, na juu ya kiwanja hicho kuna safu ya maduka: kinyozi, fundi cherehani, mkahawa wa pilau na sisi wa nguo. Yafuatayo ndiyo ninayowaambia wanaokuja kwangu. Ni ya Kenya, kwa sheria za Kenya. Aliye Nungwi au Bagamoyo asiyachukue kama yalivyo.

Kwanza tenganisha magomvi. Kuna ugomvi wako na mwenye nyumba: kodi, mkataba, notisi, kufuli. Huo husikilizwa na Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo mawakili huliita BPRT. Na kuna ugomvi wa mtaa mzima na jengo linalotaka kuinuka: maji taka, njia ya kwenda baharini, miti, ukuta wa ufuoni. Huo ni wa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, serikali ya kaunti na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Watu huchanganya. Huenda kwenye jopo wakaeleza habari za kasa wanaotaga, kisha huenda kwenye mkutano wa NEMA wakadai deposti yao. Kote wanaambiwa hilo si letu, na siku zinayoyoma.

Chifu naye? Mwende, mheshimuni, anaweza kuwapatanisha. Lakini chifu hana uwezo wa kukutoa dukani wala wa kusimamisha notisi. Mkikaa barazani wiki tatu mkinywa chai, siku za notisi zinaendelea kuhesabika.

Je, sheria inakulinda?

Sheria yenyewe ni Sura ya 301, ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Inamlinda mpangaji ambaye hana mkataba ulioandikwa, au mwenye mkataba ulioandikwa wa muda usiozidi miaka mitano, au mwenye mkataba wenye kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka hiyo mitano kwa sababu isiyo ya kuvunja masharti. Rudia hapo kwenye asiye na karatasi. Mama wa mahamri aliyepewa chumba kwa mdomo hudhani yeye ndiye dhaifu kuliko wote, kumbe sheria inaweza kumkinga kuliko jirani yake mwenye mkataba wa kurasa ishirini.

Kwa sababu hiyo wenye majengo wajanja huandika miaka mitano na miezi mitatu. Ukiona muda wa namna hiyo, jua kuna wakili aliyefikiria. Hapo ulinzi wa Sura ya 301 unaweza kukukosa, na utabaki na yale yaliyoandikwa kwenye mkataba tu, kwa hiyo usome kabla ya kutia sahihi. Mtego wa pili ni leseni. Hoteli inakupa nafasi ya kuuzia vinyago karibu na mapokezi, na karatasi inasema wewe ni mwenye leseni, si mpangaji. Mwenye leseni hana haki za mpangaji. Na aliye mchangani kabisa, chini ya mstari wa maji kujaa, hana mwenye nyumba hata kidogo: Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ya umma. Kijana akija kukukusanyia "kodi ya ufuo" mwambie akuonyeshe hati yake.

Asiye na mkataba lazima awe na ushahidi wa kodi. Lipa kwa M-Pesa, kwa nambari ya mwenye nyumba mwenyewe na si ya mpwa wake, na kila mwaka toa taarifa ya M-Pesa uichapishe. Ukilipa taslimu, taka risiti yenye mwezi na nambari ya duka. Leseni yako ya biashara ya kaunti nayo ihifadhi, kwa sababu inaonyesha ulikuwa hapo na unafanya nini.

Karatasi yenyewe

Sasa twaa ile barua. Usiitazame kwa hasira, itazame kama mnunuzi anavyotazama kikoi akitafuta uzi uliokatika.

Notisi halali ya mwenye nyumba huwa kwenye fomu iliyowekwa na sheria. Barua ya kawaida, ujumbe wa WhatsApp, au onyo la mdomo kutoka kwa msimamizi wa majengo, hata liwe la ukali gani, si notisi. Fomu lazima itaje siku itakapoanza kufanya kazi, na siku hiyo isiwe chini ya miezi miwili tangu uipokee. Itaje sababu. Na ikutake ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au hukubali. Kupandisha kodi nako kunafuata njia hiyohiyo. Anayekuambia "kuanzia Januari ni elfu arobaini" hajapandisha chochote.

Andika juu ya notisi tarehe uliyoipokea, saa, na nani aliileta. Piga picha. Halafu fanya mambo mawili, na usiridhike na moja. Jibu mwenye nyumba kwa barua kwamba hukubali, na baki na nakala iliyogongwa muhuri au iliyosainiwa. Kisha peleka shauri lako kwenye jopo kabla ya ile siku ya notisi kufika. Wengi hufanya la kwanza wakalala. Barua yako kwa mwenye nyumba haisimamishi kitu peke yake. Ukinyamaza mbele ya jopo hadi siku ifike, notisi inakuwa na nguvu. Unaruhusiwa kusimama mwenyewe bila wakili. Siku hizi mashauri hufunguliwa kwa mtandao wa Mahakama, na vijana wa saiba, yaani duka la intaneti, pale Ukunda wanajua kupakia faili, ila usome unachopakia. Kijana wa saiba si wakili.

Sababu nazo si za kubuni. Sheria imezihesabu: malimbikizo ya kodi ya miezi miwili au kuchelewesha kila mara, kuharibu jengo, kupangisha mwingine bila ruhusa, na nyingine chache. Mbili ndizo zinazotumika sana mji wa pwani. Moja ni kwamba mwenye nyumba anataka kutumia mahali hapo mwenyewe. Kama amenunua jengo hivi juzi, muulize alinunua lini, maana aliyenunua chini ya miaka mitano kabla ya siku ya notisi hawezi kujificha nyuma ya sababu hiyo. Fanya sachi, yaani ukague rekodi ya kiwanja, kwenye ofisi ya ardhi Kwale uone tarehe ya jina lake.

Nyingine ni kubomoa na kujenga upya, na hapa ndipo penye vita. Haitoshi kusema anataka kujenga. Atakiwa aonyeshe nia iliyokomaa: ramani zilizopitishwa na kaunti, leseni ya NEMA, fedha za kujengea. Ombeni karatasi hizo mbele ya jopo. Hapa ndipo yale magomvi mawili yanapokutana kwa faida yenu, kwa sababu mradi usiopata vibali ni sababu dhaifu ya kumtoa kinyozi. Lakini akiwa nazo zote, ndugu yangu, msidanganyane. Atajenga. Kazi yenu itakuwa kujadiliana muda na fidia.

Kuhusu fidia, jopo lina uwezo wa kukupa kitu kwa ajili ya jina la biashara ulilolijenga na matengenezo uliyoyafanya, mradi matengenezo hayo yalikubaliwa na mwenye nyumba. Basi kabla hujaweka vigae, kubadilisha makuti au kuchimba choo, mwandikie akubali. Hata jibu la "sawa endelea" kwenye simu ni afadhali kuliko hakuna.

Mnunuzi mpya akija na kusema "mimi sikukupangisha", mjibu kwa upole kwamba amenunua kiwanja pamoja na wapangaji wake. Ndivyo sheria ilivyo.

Ukikuta kufuli

Usivunje. Utageuka wewe mshtakiwa. Piga picha za kufuli, orodhesha mali iliyo ndani, tafuta mashahidi wawili, ripoti polisi upate nambari ya OB, yaani kitabu chao cha matukio, kisha nenda kwenye jopo chini ya hati ya dharura. Likikubali, hutoa amri ya kufungua, na amri kama hiyo huelekeza OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kulinda amani inapotekelezwa. Dalali akija kuchukua mashine yako ya kushonea kwa ajili ya kodi, muombe kibali cha jopo. Kwa mpangaji anayelindwa, mwenye nyumba hawezi kukamata mali bila ruhusa hiyo.

Muda wote huo lipa kodi. Mwenye nyumba huanza kuikataa makusudi ili miezi miwili itimie akupe sababu mpya. Akirudisha pesa, hifadhi ujumbe wa kurudishwa na uliombe jopo likuruhusu kuziweka kwa jopo lenyewe.

Mkutano wa soda

Mradi mkubwa hauwezi kupewa leseni ya NEMA bila tathmini ya athari za mazingira, na kanuni za 2003 zinataka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo na redioni, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu na wanaoathirika. Mikutano hiyo mwaijua: hema, viti vya plastiki, soda, nauli kidogo, na karatasi ya mahudhurio inayozunguka.

Karatasi hiyo ndiyo mkutano. Mtakayoyasema yanaweza kufupishwa mstari mmoja, lakini sahihi zenu zitaambatanishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba umma ulishirikishwa. Kwa hiyo ukisaini, andika pembeni ya jina lako "napinga" au "nina maswali", na ipige picha kabla haijaondoka mkononi. Kisha pelekeni maoni kwa maandishi ofisi ya NEMA ya kaunti, kila mtu na barua yake. Barua thelathini zilizoandikwa kwa mkono zina uzito kuliko moja iliyonakiliwa mara thelathini.

Ulizeni mambo yenye jibu. Huku wengi twategemea septiki na mashimo yaliyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una matundu: kinachoingia shimoni huteremka hadi visimani. Kwa hiyo, vyumba themanini, maji taka yanakwenda wapi? Ukuta wa ufuoni nao uulizwe, kwa kuwa wimbi likigonga ukuta hula mchanga wa jirani. Taa zitaelekea wapi wakati kasa wanapanda kutaga? Maswali ya "mnatuletea faida gani" yaacheni, yatajibiwa kwa ahadi za ajira na makofi yatapigwa.

Upande wa kaunti, kiwanja kikibadilishwa matumizi, kwa mfano kutoka makazi hadi hoteli, hutolewa tangazo, na siku za kupinga kwa kawaida ni kumi na nne. Kibali kikishatoka na hukuridhika, una siku kumi na nne za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mipango chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Leseni ya NEMA ina jopo lake la mazingira, na rufaa hupelekwa ndani ya siku sitini. Kikundi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupita kila Ijumaa akisoma vibao vilivyobandikwa kwenye nyua za viwanja. Kwetu kazi hiyo anayo fundi cherehani, kwa sababu hujua kila mtu.

Njia ya baharini

Hili wapangaji huliona si lao, lakini duka lisilo na njia ya wateja kufika ufuoni hufa lenyewe. Nunueni ramani ya upimaji ya eneo lenu. Ikionyesha njia, hiyo ni ya umma na ukuta juu yake ni uvamizi: andikieni kaunti, mkiambatanisha ramani na picha. Isipoonyesha, bado kuna mlango. Njia iliyopita kwenye ardhi ya mtu binafsi na kutumiwa wazi, kwa amani na bila kukatizwa kwa miaka ishirini, inaweza kudaiwa kuwa haki ya kupita.

Miaka ishirini huthibitishwa na watu, na watu hao ni wavuvi wazee. Wapelekeni kwa kamishna wa viapo, wakili anayeapisha watu kwa maandishi, wakiwa bado na nguvu. Kila mmoja aeleze alianza kupita hapo mwaka gani, alikuwa akibeba nini, nani alikuwa mwenye shamba wakati huo, na kama aliwahi kuomba ruhusa au kuzuiwa. Asiseme "tangu zamani". Akisema "mwaka niliooa, 1994" wakili wa upande wa pili atakuwa na kazi.