Kuchagua na Kupakia Vifaa vya Kupanda Mlima Kenya kwa Msafiri wa Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayejiandaa kupanda Mlima Kenya kwa mara ya kwanza huanza, mara nyingi, kwa kutafuta jaketi, kwa sababu jaketi ndilo linaloonekana katika picha za waliomtangulia. Ushauri wangu ni kwamba aanze na usiku. Mchana mtu hutembea, na mwili unaotembea na mzigo hutoa joto la kutosha hata kukiwa na ukungu. Zinazomtesa msafiri ni saa za kulala, saa za kungoja chakula kambini, na zile za kabla ya alfajiri anapopanda polepole kuelekea kilele cha Point Lenana huku upepo ukivuma. Kifaa kisichosaidia katika saa hizo, au kisichozuia mwili usilowe, kinaweza kusubiri mshahara mwingine.

Ni vyema kwanza kufanya hesabu ya baridi yenyewe. Kwa wastani hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kambi ya Shipton, katika njia ya Sirimon, iko karibu mita 4,200. Kwa hiyo usiku wa Julai ambao ni wa nyuzi 12 Lang'ata unaweza kuwa wa nyuzi 4 chini ya sifuri pale kambini, na Lenana, iliyo mita 4,985, huwa na baridi zaidi ya hapo kwa nyuzi kama tano. Upepo haujahesabiwa bado.

Vifaa vya kulalia

Mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa viwango vya kimataifa huwa na lebo yenye vipimo viwili au vitatu vya joto. Cha kwanza huonyesha baridi ambayo mtu anayehisi baridi haraka bado atalala kwa starehe. Kinachofuata huonyesha baridi ambayo mtu aliyejikunyata ataivumilia. Na cha tatu, kikiwapo, ni cha kunusuru maisha tu. Wauzaji hupenda kutaja nambari ya chini kabisa. Wewe tazama ile ya starehe, na kwa mlima huu iwe nyuzi 5 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Mifuko iliyojazwa manyoya ya bata ni myepesi na hukunjika ikawa midogo, lakini manyoya yakilowa hushikamana na kupoteza joto lake karibu lote, ilhali nyuzi za polyesta hubakiza sehemu ya joto hata zikiwa na unyevu. Atakayelala kwenye hema katika njia ya Chogoria, ambako mvua hunyesha hata katika miezi inayosemwa kuwa mikavu, namshauri achukue polyesta na kuvumilia uzito wake. Atakayelala ndani ya mabanda ya Sirimon ana uhuru zaidi wa kuchagua.

Mkeka wa kulalia hudharauliwa kuliko kifaa kingine chochote, na hilo linashangaza, kwa kuwa uzito wa mwili huyabana matandiko yaliyo chini ya mgongo hadi yasiweze kuzuia baridi. Ardhi hunyonya joto usiku kucha. Uwezo wa mkeka kuzuia baridi hupimwa kwa thamani inayoandikwa kwa herufi R, na mikeka miwili ikiwekwa mmoja juu ya mwingine thamani zake hujumlishwa. Kwa hiyo mkeka wa sponji wa bei nafuu ukitandikwa chini ya ule wa kujazwa hewa huongeza joto, na pia humwokoa mwenyewe iwapo wa hewa utatoboka. Lenga jumla ya 4 au zaidi.

Kununua Gikomba na Toi

Masoko ya mitumba ya Nairobi yana vifaa vizuri vya baridi kwa sababu nguo hizo hutoka nchi zenye majira ya theluji, na wanunuzi wengi wa hapa hawazihitaji. Jaketi la flisi, soksi nene za sufu, kofia na glavu hupatikana kwa bei ambayo duka la vifaa vya michezo haliwezi kushindana nayo. Hata hivyo, kila bidhaa ina ugonjwa wake wa uzee. Koti la mvua ligeuze ndani nje: ukiona magamba meupe yanapukutika, au utepe wa mishono unabanduka, au kitambaa kinanata vidoleni, liache hata kama upande wa nje unang'aa. Jaketi nene la kuteleza kwenye theluji ni zuri kwa kukaa kambini, ila ni kosa kulitembelea, kwani kwa saa moja litakulowesha jasho. Mfuko wa kulalia ukunjue, utikise na usubiri dakika chache. Ukibaki bapa, basi umekwisha.

Mabuti ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mabuti mengi ya mlimani yana tabaka la poliyurethani, plastiki ya povu, kati ya kiatu na soli, na tabaka hilo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, hata kama kiatu hakijavaliwa na ngozi yake bado inapendeza. Libonyeze kwa ukucha na ukunje kiatu kwa nguvu: likiwa na nyufa, likibonyea kama makombo ya mkate au likitoa vumbi, soli itabanduka mlimani. Fundi wa viatu anaweza kushona soli iliyolegea, lakini hawezi kuponya poliyurethani iliyooza. Chagua mabuti yanayoacha nafasi mbele ya vidole ukiwa umevaa soksi nene, kisha yazoeshe Karura na baadaye milima ya Ngong ukiwa na mzigo mgongoni.

Ukikosa kifaa cha kuaminika, kodi. Mfuko wa kulalia na fimbo za kutembelea hukodishwa Nairobi na Nanyuki, na kwa mtu atakayepanda mara moja tu haina maana kununua.

Mavazi

Valia kwa matabaka. Tabaka la ndani liwe la sufu au polyesta nyepesi, la kati liwe flisi, na la nje liwe koti na suruali vinavyozuia mvua na upepo. Pamba iache nyumbani pamoja na suruali za jinzi, kwa kuwa hunyonya maji, hukauka polepole mno, na huupoza mwili wakati wote ambao bado imelowa. Anza kutembea ukiwa unahisi baridi kidogo, na uvue tabaka kabla jasho halijaanza kutoka. Tenga pia seti moja kavu ya kulalia, pamoja na soksi zake, ambayo haitavaliwa mchana hata mvua ikunyeshee vipi. Huu ni uamuzi wa kufanya ukiwa nyumbani, kwa sababu kambini kishawishi huwa kikubwa. Katika njia ya Naro Moru ongeza vifuniko vya miguu vya kuzuia tope, kwa kuwa kinamasi kilicho juu ya kambi ya Met hujaza kiatu maji. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi ni lazima pia: baridi haizuii jua la mwinuko ule kuunguza.

Jiko na chakula

Gesi ya butani tupu hukoma kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo nunua mtungi wenye mchanganyiko wa propani na isobutani. Katika mwinuko wa kambi ya Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, na maharagwe au githeri mbichi vitamaliza gesi kabla ya kuiva. Beba uji, tambi na vyakula vilivyopikwa tayari, na chapati za siku ya kwanza.

Kupakia

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa ya Kenya, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikuwa imepigwa marufuku nchini kote tangu 2017. Usitegemee basi kuzungushia nguo mifuko ya dukani. Nunua mifuko isiyopenya maji inayofungwa kwa kukunjwa mdomo, angalau mmoja wa vifaa vya kulalia na mwingine wa nguo kavu. Mfuniko wa mvua wa shanta pekee hautoshi, maana maji huteremka mgongoni na kuingia.

Weka mfuko wa kulalia chini kabisa ya shanta, vitu vizito kama chakula na jiko katikati karibu na mgongo, na nguo nyepesi zikijaza pembeni. Koti la mvua, glavu na tochi ya kichwani vikae juu kabisa. Mkanda wa kiunoni ukazwe kwanza ili nyonga zibebe uzito, kisha ndipo ulegeze au ukaze ya mabegani. Ukiwa na mpagazi, bado ubebe mwenyewe koti la mvua, flisi, maji na chakula cha mchana, kwa kuwa mpagazi hufika kambini kwa mwendo wake, na mvua haiwasubiri mkutane.

Simu na betri za akiba lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, kwani baridi huzipunguzia chaji. Chupa ya maji ya asubuhi ya kileleni iwekwe kichwa chini, kwa sababu barafu huanza kuganda sehemu ya juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi saa nane usiku utakapoamshwa. Mwisho, pima shanta iliyojaa kwenye mizani kabla ya kutoka nyumbani. Ikizidi moja ya tano ya uzito wako, toa nguo za ziada za mchana kwanza, wala usiguse vya kulalia.