Viza ya J-1 na sharti la miaka miwili: jinsi ya kuomba msamaha

Kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani huwafunga baadhi ya wenye J-1 (viza ya wanaokwenda Marekani kwa programu za kubadilishana, kama masomo, utafiti au mafunzo), si wote. Ukifungwa, hupati viza ya H au L (za wafanyakazi), viza ya mchumba wala green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) mpaka ukae kwenu jumla ya miaka miwili. Siku zinaweza kukusanywa kwa vipande, lakini zinazohesabiwa ni zile ulizokuwa nchini kweli. Wiki tatu ukiwa Dubai hazimo.

Usilipe chochote kabla ya kuhakikisha kwamba umefungwa. Tazama maandishi ya chini kwenye stika ya viza, kisha kona ya chini kushoto ya DS-2019, yaani cheti cha programu yako ya J-1. Hayo ni maoni ya awali, na afisa wa ubalozi hukosea. Yanayokufunga hasa ni matatu: fedha za serikali ya Marekani au ya kwenu, fani yako kuwa kwenye orodha ya ujuzi ya nchi yako (fani ambazo nchi hiyo inazihitaji), au mafunzo ya udaktari wa kutibu wagonjwa. Orodha hiyo ilipunguzwa tarehe 9 Desemba 2024, China na India zikatolewa, na mabadiliko yanawagusa hata waliokwenda zamani. Kwa hiyo stika ya mwaka 2019 inaweza kuwa imepitwa na wakati. Ila kama uligharamiwa na serikali, orodha haikusaidii.

Ukiwa umefungwa kweli, chagua msingi wa ombi. Wengi hutumia barua ya serikali yao ya kutokuwa na pingamizi. Daktari aliyekwenda kwa mafunzo ya kutibu haruhusiwi njia hii. Yeye hutazama mpango wa Conrad, ambao huipa kila jimbo nafasi 30 kwa mwaka kwa madaktari watakaofanya kazi miaka mitatu katika maeneo yenye uhaba. Aliyegharamiwa na serikali ya Marekani anaweza kuomba kwa barua hiyo ya kutokuwa na pingamizi, lakini msingi wake ni dhaifu. Anayehofia mateso kwao, au ambaye mwenzi au mtoto wake Mmarekani ataumia kupita kiasi, hupeleka pia fomu I-612 kwa USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani.

Jaza DS-3035, fomu ya kuomba msamaha, mtandaoni. Utapewa nambari ya kesi papo hapo. Iandike juu ya bahasha na kwenye kila karatasi. Chapisha fomu, ambatisha nakala za DS-2019 zote ulizowahi kupewa (si ya mwisho tu), ukurasa wa pasipoti, maelezo ya sababu zako na ada ya dola 120, kisha tuma kwa posta kwenye anwani ya St. Louis, Missouri, iliyo kwenye maelekezo.

Hapa ndipo wengi hukwama: barua ya kutokuwa na pingamizi haipiti mikononi mwako. Ubalozi wa kwenu ulioko Washington huituma wenyewe kwa kitengo cha misamaha cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ukiibandika kwenye bahasha yako, haitahesabiwa. Ulizia ubalozini mapema, kwani baadhi hutaka kibali cha wizara ya nyumbani kwanza, na hilo huchukua muda kuliko fomu yenyewe.

Kitengo hutoa pendekezo tu. Uamuzi ni wa USCIS. Pendekezo likishatolewa, programu yako ya J-1 hairefushwi tena. Anayehitaji mwaka mmoja zaidi wa utafiti aongeze DS-2019 kwanza, ndipo aombe. Mwenzi na watoto wenye J-2 wamefungwa pamoja nawe, na msamaha wako ukikubaliwa huwafungua nao.