Kusaka fangasi wa mapafu kwa mtoto mwenye CGD

CGD ni ugonjwa wa kurithi wa kinga ya mwili. Neutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu) za mtoto mwenye CGD zipo tele, ila zimekosa kimeng'enya cha kuzalisha superoksidi, kemikali ya kuulia vijidudu. Kwa hiyo Aspergillus, fangasi wa jamii ya ukungu, hupenya mishipa yake ya damu kwa nadra, na vipimo vilivyozoeleka kwa wagonjwa wa saratani ya damu kwake hupotosha.

Usisubiri homa. Kikohozi kidogo, maumivu ya kifua au ESR (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) iliyopanda vinatosha kuagiza CT ya kifua, hata eksirei ikiwa safi. Duara hafifu la kijivu kuzunguka kivimbe kwenye CT, ile picha ya vitabuni, usiutegemee. Kagua mbavu na uti wa mgongo: Aspergillus nidulans hutoka pafuni ikaingia mfupani.

Galaktomanani (sukari ya ukuta wa Aspergillus) ya damu ikifika 0.5 au zaidi, ichukulie kwa uzito. Ikiwa chini, haijakuambia lolote. Beta-glukani, sukari ya ukuta wa fangasi wengi, nayo hupandishwa na dripu ya imunoglobulini (kingamwili), basi damu itolewe kabla ya dripu.

Jibu liko kwenye nyama ya pafu yenyewe. Maji ya kuoshea mapafu mara nyingi hayaotishi kitu. Afadhali sindano ipitishwe ukuta wa kifua kwa kuongozwa na CT. Kipande kimoja kiende kwenye formalini kwa ajili ya rangi za GMS na PAS zinazoonyesha fangasi. Kingine kitiwe kwenye chombo tasa chenye matone ya salini. Hapa ndipo panapoharibika: vyote vikitumbukizwa kwenye formalini, hakuna kitakachoota. Kwenye fomu andika "CGD, tunatafuta fangasi", ili maabara wakikate bila kukisaga (kusaga huua Mucorales, kundi jingine la ukungu), waoteshe kwenye Sabouraud (chakula cha kuoteshea fangasi) kwa nyuzi 30 na 37, wahifadhi sahani wiki 4, na wasitupe ukungu wakidhani ni uchafu. Daini jina la spishi, maana nidulans mara nyingi haisikii dawa ya fangasi ya amfoterisini B. Mtoto akiwa mahututi, anza vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, huku sindano ikipangwa.

Je, mtoto aliyeonekana mzima kapata nimonia ya Aspergillus? Pima DHR, kipimo cha damu kinachoonyesha kama neutrofili zinazalisha superoksidi. Damu iwe kwenye chupa ya heparini, ikae joto la chumbani, ifike maabara siku hiyohiyo pamoja na ya mtu mwenye afya iliyotolewa saa ileile. Sampuli iliyochelewa hufanana na CGD. Mpime na mama: akiwa mbebaji wa aina ya kromosomu X, neutrofili zake zitagawanyika makundi mawili.