Namna ya kuendesha klabu ya kujitolea: kutoka barazani hadi kwenye gata la shule

Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya kujitolea hapa Tanga, huu mwaka wa saba. Tulianza watu 31, tukashuka hadi 9, leo tuko 22. Huko kushuka ndiko kulikonisomesha, maana hatukuwa wavivu hata kidogo: kila Jumamosi kazi, kila Jumatano michango. Mama mmoja mwanachama, anauza samaki pale Deep Sea, alinipigia akasema, "Katibu, nikiona namba yako roho inanishtuka, najua ni hela tu." Hakurudi tena mwaka mzima. Nilipohesabu waliobaki, wote 9 walikuwa watu waliozoeana kabla ya klabu.

Kwa hiyo usishangae kuona chai imetangulia sepetu katika mwongozo huu.

Hatua ya 1: Kaeni kwanza

Tafuta watu 8 hadi 12 wanaokaa mitaa ya jirani. Wasizidi hapo kwa kuanzia. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, saa moja na nusu tu, barazani kwa mmoja wenu, kwa zamu. Mwenye zamu anatoa chai. Vitafunio kila mtu anakuja na chake, vinamwagwa kwenye sinia moja katikati.

Hilo la sinia usilipuuze. Mwanzoni mwenye zamu ndiye aliyepika. Mwenzetu mmoja mwenye uwezo akatupigia biriani ya kuku, tukala tukashukuru. Aliyefuatia zamu akapata safari ya ghafla. Aliyemfuatia naye akauguliwa na shangazi. Ilituchukua muda kuelewa kwamba ile biriani ndiyo iliyowafukuza. Sasa sheria ya mwenye zamu ni chai, basi. Mihogo ya nazi imeruhusiwa kwa sababu bibi mmoja wa klabu alikataa katakata kuiacha, na hapakuwa na mtu wa kubishana naye.

Kikao kinaanza na habari za watu kabla ya ajenda yoyote: nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hajaonekana. Kijana mmoja alikosa vikao 3, tukamfuata nyumbani. Alikuwa ameachishwa kazi na anaona haya kuja bila ada. Toka siku hiyo asiye na ada anaandikwa "nguvu kazi", na daftarini jina lake halina alama ya deni.

Kisha chagua mtoza faini. Awe mtu wa utani, asiwe mtu wa sheria. Kwetu tuna Wadigo, Wasambaa, Wabondei na Wazigua, kwa hiyo utani haututoki mbali. Shilingi 500 kwa aliyechelewa, 500 kwa aliyepokea simu kikaoni, 500 kwa aliyeonekana mjini akila chipsi mayai peke yake. Faini haikatiwi rufaa. Fedha yake hununua majani na sukari. Usimpe kazi hii mweka hazina: huyo watu wamwamini, na mtu wa kuaminiwa asiwe wa kuchekwa kila wiki.

Mambo ya kazi yanapewa nusu saa ya mwisho. Utaona ni kidogo. Watu waliokwisha kucheka pamoja huamua haraka.

Wala si ugunduzi wetu. Mwaka 1905 kule Chicago, wakili mmoja, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu wa biashara tofauti. Alikuwa mgeni wa jiji na alikumbuka urafiki wa mji mdogo alikokulia. Wakawa wanakutana ofisini kwao kwa zamu, na zamu hiyo ndiyo iliyozaa jina Rotary, ule mtandao wa klabu za kujitolea. Kazi ya kuhudumia umma, kusaidia vyoo vya umma vijengwe jijini, ilikuja miaka miwili baadaye. Sisi hatuko chini ya Rotary wala Lions, mtandao mwingine kama huo, lakini zamu ni ileile ya upatu wa mama zetu: leo kwako, kesho kwangu.

Hatua ya 2: Mifuko mitatu, usichanganye

Ada, mradi, na shida. Ada inalipa chaki, daftari na vocha. Mradi ni wa kazi moja iliyotajwa, ukiisha unafungwa. Shida ni ya msiba, uzazi na ugonjwa wa wanachama. Siku utakayokopa mfuko wa shida ili ununue saruji, mwanachama atafiwa siku hiyohiyo, na hutapata maneno ya kumwambia.

Mweka hazina asome hesabu kwa sauti kila kikao, hata kama ni shilingi 12,000. Kila risiti ipigwe picha iingie kwenye grupu la WhatsApp siku hiyohiyo. Mkitaka akaunti ya benki mtadaiwa katiba, muhtasari wa kikao na barua ya utambulisho, kwa hiyo mfahamisheni mapema mtendaji wa mtaa, na muoneni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri juu ya usajili wa kikundi. Anzeni hayo mkiwa hamna haraka.

Hatua ya 3: Nenda ukasikilize, mikono mitupu

Kosa letu kubwa lilikuwa tangi. Tulilipeleka shule moja, tukapiga picha, tukapiga makofi, tukaondoka. Baada ya miezi 4 nilipita pale kwa shughuli zangu. Koki imevunjika, tangi kavu, na ndani ya kivuli chake mbuzi wamelala. Hakuna aliyekuwa na kosa. Hatukuwahi kumuuliza mtu nani atashika ufunguo.

Siku hizi tunakwenda watu wawili, bila ahadi na bila fulana za klabu. "Shikamoo mwalimu, tumekuja kusalimia na kuona." Tunakaa tangu asubuhi. Katika shule nyingine, ndiyo nitakayoisimulia hadi mwisho, tuliambiwa ofisini kwamba shida ni rangi ya ukuta. Getini tuliona kitu kingine: watoto wa darasa la pili wameinama upande mmoja, kila mmoja na dumu la lita 5 kutoka nyumbani, mfuniko umepotea, maji yanawamwagikia sketi na kaptula. Maji hayo ndiyo ya choo, ya kudeki na ya kumwagilia miti. Rangi ikasubiri. Tukaona kazi ni kuvuna mvua ya paa: gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa bati, na tangi.

Kabla ya kukubali kazi tunajiuliza mambo matatu. Je, itaisha kwa Jumamosi mbili? Nani ataitunza tukiwa hatupo, kwa jina lake? Na wao wanatoa nini? Kamati ya shule ilikubali wazazi walete mchanga, kokoto na tofali kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Mtu aliyebeba tofali kichwani hakubali mbuzi walale hapo.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kununua

Hapa chukua tepu na kalamu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Ndiyo hesabu yote, mengine ni kuzidisha.

Pima paa kwa chini, ardhini, usifuate mteremko wa bati. Upande mmoja wa madarasa yetu mawili ulikuwa mita 18 kwa 4, yaani mita za mraba 72. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 1,440. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayorukia nje na kukaukia juu ya bati, unabaki na kama lita 1,150. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa milimita 87 hivi. Masika ya Tanga, Machi hadi Mei, hayashindwi hapo. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 ambalo mjumbe mmoja alilitaka kwa kuwa linaonekana kubwa barabarani, tuliliacha.

Gata linateremka nusu sentimita kwa kila mita. Kwa mita 18 ni sentimita 9 toka mwanzo hadi mwisho. Usikadirie kwa jicho. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujaze maji, watu wawili washike ncha hizi na hizi: maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili, weka alama kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kisha upande wa tangi shuka sentimita 9. Fundi yeyote wa mtaani anaujua mtindo huu.

Maji ya kwanza ya mvua yana vumbi na mavi ya kunguru, yasiingie tangini. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba: kwetu lita 36. Bomba la inchi 6 lina takriban lita 18 kwa mita, kwa hiyo kipande cha mita 2 kilichosimama wima kabla ya mdomo wa tangi, chini kina kifuniko cha kufungua, kinatosha. Kinajaa kwanza, ndipo maji safi yapite kwenda tangini. Baada ya mvua mtu afungue ayamwage.

Tangi likijaa lina uzito wa tani 5. Msingi wa zege hauna mjadala, na unyanyuke sentimita 60 ili ndoo ipite chini ya koki. Mdomo wa kuingilia na bomba la kufurikia uvifunge wavu, kwa kuwa mbu wa dengue hutaga kwenye maji yaliyotulia. Yanayofurika tuliyaelekeza kwenye migomba ya shule.

Hatua ya 5: Jumamosi mbili

Jumamosi ya kwanza ni msingi. Zege linamwagiwa maji siku 7, asubuhi na jioni, na kazi hiyo waachie wanafunzi wa zamu: ni rahisi, na inawapa haki ya kusema tangi ni lao. Jumamosi ya pili ni gata, bomba na tangi.

Gawa kazi kwa majina usiku wa kuamkia. Ngazini wapande fundi na vijana wawili tu, na mmoja chini hafanyi lolote isipokuwa kuishika ngazi. Wazee wetu wanapewa kutoboa, kupaka gundi, kuhesabu misumari. Yule bibi wa mihogo alikalia kiti cha plastiki na daftari, akiandika kila kifaa kilichotoka na kurudi. Hatukupoteza hata bisibisi, jambo ambalo halijawahi kutokea klabuni.

Wanaokuja kwa picha watakuja. Wape toroli.

Saa 6 mchana simamisha kazi, hata kama gata limebaki mita 3. Kaeni chini pamoja na walimu, wazazi na mafundi, sinia moja. Kuna mwenyekiti mmoja aliyewahi kutaka wageni wale ofisini na vibarua wale chini ya mwembe. Alitozwa 500 mara mbili.

Hatuandiki jina la klabu kwenye tangi. Tunaandika mambo mawili kwa rangi nyeusi: "Chemsha kabla ya kunywa" na "Fungua bomba la chini baada ya mvua". Picha za watoto hatupigi bila ruhusa ya mwalimu na mzazi, na hatumpigi mtoto akipokea kitu.

Hatua ya 6: Kurudi

Andika tarehe ya kurudi kwenye muhtasari siku ileile ya kumaliza, na majina mawili ya watakaokwenda. Sisi tunarudi baada ya wiki 2, miezi 3 na mwaka. Beba koki ya akiba, gundi na msumeno mdogo. Kagua: gata limelegea wapi, wavu umetoboka, koki inadondosha, kifuniko cha chini kinafunguka. Koki ndiyo inayokufa kwanza, siku zote.

Uliza kwa jina: "Kiranja wa maji yuko wapi?" Asipojulikana, kazi yako ya siku hiyo ni kukaa na mwalimu mpaka apatikane mwingine. Pale shuleni kiranja wetu alikuwa msichana wa darasa la sita, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Tulipomwomba atufungulie tujaribu koki, alituuliza kwanza ndoo yetu iko wapi. Hatukuwa nayo. Hakufungua.

Kabla ya vuli, mwishoni mwa Septemba, tangi likiwa karibu kavu, nendeni tena: mwaga masalia, sugua ndani kwa brashi bila sabuni, suuza, ondoa majani kwenye gata. Ni kazi ya watu 5 kwa asubuhi moja. Zamu ya chai siku hiyo ni ya shule, na yule mama wa Deep Sea, ambaye sasa amerudi, huja na samaki wa kukaanga kwenye ndoo yenye mfuniko.